Mbwa Hana Mwenyewe

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo karibu sote wa pwani hii tumeyakuta kwa wazee wetu, mbwa hauzwi wala hanunuliwi. Hata yule anayeruhusiwa kufugwa, wa kuwindia, wa kulinda mifugo au shamba, bei yake haifai kuliwa. Mtu akimuua huyo anapata dhambi, lakini kadhi hamtozi fidia, maana hakuna thamani ya kutoza. Aliye naye hammiliki kama mimi ninavyoimiliki cherehani yangu. Ana haki ya kukaa naye na ya kumkatalia mtu mwingine asimnyang'anye, na siku akitaka kumpa mwenzake, huondoa mkono wake na mwenzake akaweka wa kwake. Basi.

Hukumu hiyo niliisikia ukubwani, katika darasa la akina mama linalosomwa msikitini baada ya alasiri, na siku ile hakuna aliyeishughulikia; wote tulikuwa tunangoja mwalimu afike kwenye mlango wa talaka. Mimi ilinibaki. Nimezaliwa Bagamoyo, nikasoma chuoni kwa bibi mmoja aliyetufundisha kitabu cha fiqhi cha Safina kwa kuimba, na mbwa nilimjua kwanza kama kipengele cha najisi: yeye na nguruwe, najisi nzito, huoshwa mara saba na moja katika hizo kwa udongo. Kabla sijamgusa mbwa hata mmoja nilikuwa tayari najua namna ya kujitoharisha naye. Leo nimepita miaka sitini, nashona nguo Kigamboni, na uani kwangu nalea watoto wa mbwa waliookotwa mpaka wapate watu wa kukaa nao. Watu wa mtaa wananiuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kuguna, imekuwaje mwanamke wa buibui na tasbihi akaja kufuga mbwa uzeeni. Nitajibu mara moja kwa kirefu, maana nimechoka kujibu vipande vipande dukani kwa Mangi.

Jambo lenyewe lilikuja na mteja. Daktari wa mifugo, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, huniletea vitambaa nimshonee makoti ya kazi. Yeye na wenzake wachache hukusanya wanyama wa barabarani waliogongwa au waliotupwa, huwatibu, huwachanja, huwafunga uzazi, kisha huwatafutia nyumba. Jengo hawana. Wanategemea watu wenye ua wa kukaa na wale wadogo kwa muda. Asubuhi moja ya masika alifika na boksi la maji ya chupa badala ya vitambaa.

"Shikamoo, mama. Nisaidie ua wako."

"Marahaba. Ua wangu una nini?"

"Una geti."

Ndani ya boksi alikuwamo kibwa wa rangi ya kahawia aliyeokotwa mtaroni, tumbo limejaa minyoo hadi linang'aa, macho yamegandana kwa tongo. Wajukuu wangu walimwita Popi kabla sijasema neno. Nusu ya mbwa wa Dar es Salaam wanaitwa Popi na nusu nyingine Simba, kwa hiyo siwezi kusema walifikiri sana, lakini kiumbe akishapewa jina na watoto ni vigumu kumrudisha mtaroni.

Nilikwenda kwa ostadhi kabla ya kwenda kununua dagaa. Nilitaka kuambiwa ndiyo au hapana nirudi kwenye kazi zangu. Yeye akaanza kuhoji kama mtu wa hospitali: analala wapi? Anafika jikoni? Nani atamchukua mwishowe, na kwa kazi gani? Nilipomaliza kujieleza akasema, "Dada yangu, wewe umefungua mlango wa najisi. Jibu lako liko mlango wa kilichookotwa."

Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa kitu kilichookotwa njiani, na humo wanyama wana hukumu zao. Msingi wake ni hadithi mashuhuri. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mbuzi aliyepotea, akaelekeza achukuliwe, kwa kuwa huyo ama atakuwa wa aliyemwona, ama wa ndugu yake, ama wa mbwamwitu. Akaulizwa juu ya ngamia, akakasirika hadi uso ukabadilika rangi: huyo ana tumbo la kuweka maji na miguu ya kumfikisha mtoni na malishoni, kwa nini asumbuliwe? Aachwe hadi mwenyewe amkute.

Hadithi hii nimeizungusha kichwani siku nyingi nikiwa nakanyaga cherehani. Inawagawa wanyama kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kama anaweza kujimudu. Usafi haukutajwa, bei haikutajwa. Mbwa mkubwa wa soko la samaki la Feri, anayejua mitumbwi inarudi saa ngapi na ni muuzaji gani hutupa vichwa bila matusi, huyo nampanga upande wa ngamia. Kuna wenye huruma ya haraka ambao humkamata mbwa kama huyo, wakamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, wakajisifu kwamba wamemwokoa. Wamemharibia maisha. Mtoto wa mbwa aliye mtaroni ni wa upande wa mbuzi. Huyo usipomchukua wewe atachukuliwa na kitu kingine.

Na kwa mbuzi njia zilitajwa tatu. Kwa mbwa, kwa madhehebu yangu, njia ya kwanza imefungwa tangu mwanzo, kwa kuwa hamilikiwi. Siwezi kumwokota akawa mali yangu hata nikitaka. Zinabaki mbili, ndugu au mbwamwitu. Mbwamwitu wa Kigamboni ni lori la mchanga, ni mawe ya watoto wanaotoka shule, ni minyoo. Ndugu ni yule mtu nisiyemjua bado, mwenye nyumba ambayo mbwa huyu ataikalia. Kazi yangu ni kumshika asiliwe, mpaka ndugu apatikane. Nilipomweleza ostadhi hoja yangu alicheka akasema, "Umeshona vizuri. Ila usiiuze kama fatwa." Siiuzi.

Ziko hadithi nyingine mbili ambazo kila aliyepita chuoni anazijua, na sisi tumezoea kuzisimulia mbalimbali. Moja ni ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo mbichi kwa kiu, akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mungu akamsamehe. Katika riwaya nyingine aliyefanya hivyo ni mwanamke kahaba wa Bani Israili. Ya pili ni ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini.

Ziweke pamoja. Aliyesamehewa hakumchukua yule mbwa. Katika masimulizi yote niliyosomeshwa, hakuna mahali alipokwenda naye nyumbani akampa jina na kumfunga ukanda shingoni. Alimnywesha, wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Aliyeadhibiwa ndiye aliyekuwa na mnyama ndani ya nyumba. Basi wanaoniambia kwamba huruma kamili ni kumweka mnyama moja kwa moja, na kwamba mimi ninayewalea kisha nikawatoa nafanya nusu ya kazi, wangezisoma upya. Kukaa na mnyama peke yake si ushahidi wa lolote. Yule mwenye paka alikaa naye hadi akafa.

Sasa yale magumu, maana sitaki ionekane nachagua hadithi tamu tu. Zipo zinazosema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba anayefuga mbwa asiye wa kuwinda, wala wa mifugo, wala wa shamba, hupungukiwa kila siku na kirati moja ya thawabu zake, riwaya nyingine kirati mbili. Kirati hiyo, katika hadithi ya kusindikiza jeneza, imepimwa kwa mlima. Fundi cherehani hana akiba ya thawabu ya kuchezea kiasi hicho. Wanazuoni wenyewe wamehitilafiana. Al-Khattabi aliona malaika wanazuiwa na mbwa asiyeruhusiwa tu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaji kinasomwa na waliobobea pwani hii, aliona maneno yabaki kwa ujumla wake. Lakini Nawawi huyo huyo ndiye aliyeona kauli sahihi zaidi ni kwamba mtoto wa mbwa anafaa kulelewa ili afundishwe kazi iliyoruhusiwa, na kwamba mbwa wa kulinda nyumba anakadiriwa pamoja na wale wa mifugo na shamba. Hapo ndipo nilipokanyaga. Watoto wa mbwa wangu nawatafutia zizi, shamba au geti la kulinda, na wakiwa kwangu hawavuki mlango wa nyumba. Banda lao liko uani chini ya mwembe, na mvua ikizidi wanalala kwenye ukumbi wa nje, kizingitini.

Kizingiti hicho hakinipi haya. Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, na ndani yake yumo mbwa wa wale vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele pale mlangoni. Hakuingia walikolala wenzake na hakufukuzwa. Watu walipobishana idadi yao, kama ni watatu, au watano, au saba, kila kundi lilimhesabu na yeye.

Wapo wanaonishauri nihamie madhehebu ya Maliki, ambako mbwa aliye hai ni tohara, nipumzike na ndoo. Nawashukuru. Kuosha mara saba hakujaniua. Nina dera moja lililochakaa la kazi ya uani, nina ndoo ya udongo safi pembeni ya bomba, na najua kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi. Wajukuu huhesabu mioshio kwa sauti na ile ya udongo huipigia makofi. Somo limewaingia kuliko lilivyoniingia mimi kwa bakora. Ninachokataa ni yale tuliyoyaongeza wenyewe juu ya hukumu. Najisi ni hukumu ya nguo, mwili na chombo. Imeniambia nioshe sahani aliyoilamba. Haijaniambia nimpige jiwe. Tumeifanya tohara kuwa kibali cha ukatili, tukawaachia watoto mawe mikononi, tukaona ndiyo dini. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini kabla ya sheria hiyo ya Bunge tulikuwa na ya mwanazuoni wa Kishafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, ambaye aliandika haki za mnyama juu ya binadamu: alishwe hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutofaa kitu, asibebeshwe asichokiweza, asichanganywe na wa kumdhuru. Yeye naye alikuwa akiosha mara saba.

(Baghdad alikuwako mtu aliyekwenda mbali zaidi. Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kuonyesha kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wa wavaao nguo. Mimi ninayeishi kwa kuwashonea wavaao nguo sitatia neno.)

Asubuhi kazi yenyewe haina falsafa. Dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili mpaka atimize miezi mitatu. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, kwa hiyo Popi alianza na uji mzito wa dagaa waliosagwa, halafu ugali na vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba. Chanjo za magonjwa ya utotoni zinaanza kwenye wiki ya sita au ya nane na kurudiwa, ile ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Kabla hazijakamilika hatoki nje ya geti, kwa sababu ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi na huweza kumwua mtoto wa mbwa katika siku chache. Mlangoni niliweka karai la maji ya jiki, kila anayeingia uani akanyage. Wateja wangu walikanyaga, wakinung'unikia viatu vyao.

Lakini kuna fundisho moja la daktari ambalo nimelifikiria kuliko mengine yote. Alinieleza kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, mtoto wa mbwa anajifunza nani ni mwenzake hapa duniani. Asipoguswa na watu wa namna namna katika kipindi hicho, anaweza kuwaogopa maisha yake yote, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Kwa hiyo nilimpitisha Popi kwa kila aliyekubali: muuza maji mwenye mkokoteni, fundi bomba, wasichana wa sekondari, mzee wa fimbo wa nyumba ya tatu, kijana wa bodaboda akiwa na helmeti kichwani. Nilipoona amenizoea kupita kiasi, ananifuata mimi tu na kulia nikiingia ndani, nilimwachia mjukuu wangu mkubwa kazi ya kumlisha.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya kulea na kumiliki, tena kwa macho, bila kitabu. Ningetaka anipende peke yangu ilikuwa rahisi sana. Ningemfungia, nikamlisha kwa mkono wangu, nikawazuia wengine, naye angenipenda mapenzi makubwa ya kusikitisha, akawa hafai kwa mtu mwingine yeyote. Watu wangemsifu kwa uaminifu wake. Mimi naona huo ni wizi, kwa sababu ningekuwa nimechukua kwa siri kitu nilichopewa nikishike tu.

Jirani yangu, Mlutheri kutoka Machame na mtu ninayemheshimu, alinipinga vikali jioni moja tukichambua mchicha. "Bibi, huyu anadhani wewe ndiye mama yake. Siku utakayomtoa utakuwa umemsaliti, na hana mdomo wa kukuuliza kwa nini."

Hiyo ni hoja nzito, nzito kuliko ya malaika. Amana baina ya watu ina pande mbili zinazojua: aliyeiweka na aliyeipokea. Qurani inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na tunaelewa. Lakini hapa amana yenyewe ina moyo, inatikisa mkia, na haijui kwamba ni amana. Nani aliyeiweka? Mtaro? Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Jibu nililolipata baadaye halikutoka kwenye fiqhi.

Nililelewa na mama mkubwa Bagamoyo mpaka nilipofika umri wa shule, ndipo mama mzazi akanichukua kuja Dar es Salaam. Desturi hiyo tunaijua sote, watoto wetu wengi wameachishwa ziwa kwa bibi na kurudishwa wakubwa. Simfananishi mtoto na mbwa. Naeleza ninachokijua kuhusu kuhamishwa nyumba kabla ya kuwa na sauti. Kuhama kwenyewe hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kwamba mama mkubwa, kwa kutaka nisimsahau, alinong'ona usiku wa mwisho kwamba huko niendako hakuna atakayenijali kama yeye. Nikaondoka na maneno hayo. Nilikula chakula cha mama yangu miaka mingi nikiwa nachungulia kama kweli ananijali. Mama mkubwa, Mungu amrehemu, alinipenda kweli, na mapenzi yake yalinifungia mlango wa nyumba ya pili.

Basi nilimjibu jirani yangu hivi. Usaliti upo, lakini haupo siku ya kumtoa. Upo katika siku zote za kabla yake, kama nitazitumia kumfanya asiweze kukaa kwingine. Na aliyeweka amana ni yule aliyewaumba wote. Qurani inasema wanyama ni umma kama sisi. Jirani alifikiri kidogo akaniambia kwamba katika Injili ya Luka kuna maskini Lazaro aliyelala mlangoni kwa tajiri, mbwa wakamlamba vidonda, na kwamba wahubiri wengi husema mbwa wale walimzidishia dhiki. Yeye tangu utotoni alidhani walikuwa wauguzi. Tukamaliza mchicha tukiwa tumekubaliana kuhusu mbwa wa Lazaro, na kuhusu Popi bado.

Nyumba zilizojitokeza zilikuwa mbili, na hapa daktari aliniuliza mimi, akisema mlezi ndiye anayemjua mbwa. Ya kwanza ilikuwa ya mume na mke wageni wanaoishi Masaki, watu wema, walioleta picha za bustani, kitanda cha mbwa na chakula cha pakiti. Mkataba wao wa kazi ulikuwa na mwisho wake, na walipoulizwa itakuwaje mkataba ukiisha walisema watajitahidi kuondoka naye. Ya pili ilikuwa ya mfuga mbuzi wa Kisarawe, Mzaramo, aliyekuwa akiibiwa mbuzi usiku. Kwake ni ugali na kazi. Hana kitanda cha mbwa. Nadhani hata yeye mwenyewe kitanda chake ni cha kamba.

Wajukuu walitaka Masaki. Daktari alisitasita. Mimi nilimwuliza yule mzee swali moja, lile la Izzuddin, ingawa sikumtaja: "Akizeeka akawa hawezi hata kubweka, utamfanya nini?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kipumbavu. "Mama yangu hachungi tena mbuzi, na anakula kila siku."

Nikasema huyo ndiye. Nyumba ya kudumu ni ile ambayo mnyama hafukuzwi siku manufaa yanapokwisha, na jibu la mzee lilikuwa limeshalipwa kwa miaka mingi kwa mtu mwingine. Watu wa Masaki niliwapenda, na sisemi wangemtesa. Nasema tu kwamba kitanda hakikunijibu swali langu. Tena mbwa ana heshima yake katika kazi. Kumnyima kazi mnyama aliyeumbwa na masikio yale na pua ile ni namna ya kumdharau, hata ukimlisha nyama. Najua wapo watakaosema namrudisha kwenye kulala nje na ugali mkavu. Daktari alikwenda Kisarawe akaona zizi, akaona maji, akaona kwamba hakuna mnyororo, akaandikishana na mzee kwamba atamleta afungwe uzazi na kuchanjwa kila mwaka.

Mzee akauliza bei. Nikamwambia mbwa hauzwi. Akacheka sana, kwani naye Safina aliipitia kwa mwalimu wake huko huko Kisarawe, akasema alikuwa ananijaribu. Alichangia gharama za dawa na chanjo, ambazo ni halali kwa aliyezitoa. Popi alipanda kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ndani ya tenga, na kipande cha dera langu la kazi chini yake kwa ajili ya harufu, kama daktari alivyoagiza. Mzee aliweka mkono juu ya tenga, mimi nikaondoa wangu. Kwa mujibu wa kitabu, hayo ndiyo makabidhiano yote yanayowezekana. Na yeye hammiliki. Akifa, au mbuzi wakiisha, mkono mwingine utawekwa juu yake, na sisi tunaowaita walezi wa muda na wao tunaowaita wenyewe tumetofautiana kwa urefu wa muda tu.

Nilihuzunika, ndiyo. Sioni kwamba huzuni hiyo ni dalili ya upungufu wa imani wala kwamba ingenipasa kumzuia. Mwenye kurudisha amana anaruhusiwa kuona mikono yake imekuwa mitupu.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo haimhusu mlezi mmoja. Kichaa cha mbwa kinaua maelfu ya watu kila mwaka katika Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kinachozuia ni kuchanja mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Pemba, kisiwa cha Waislamu watupu takriban, wamewahi kuutokomeza kwa chanjo hizo. Uliporudi mwaka 2016 wakachanja tena na kuutokomeza tena. Hilo lilifanyika kwa watu kukubali kuwashika mbwa kwa mikono yao na kuwapeleka kwenye vituo, kisha wakaenda kuosha. Asilimia 70 ni ya mbwa wote wa eneo, si ya wenye watu peke yao. Wanahitajika na wale wasio na mtu.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi halmashauri huchanja bure katika kipindi hicho. Mpeleke wa kwako. Kama huna, mpeleke yule anayelala nyuma ya duka, aliyezoea kulishwa na mtaa mzima na asiyemwogopa mtu, na karani akiuliza mwenye mbwa ni nani, mwandikishe jina lako na namba ya simu.